Siku Nilipozificha Pembe za Bibi

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa saloni, huku karibu na soko, nikinyooshwa nywele kwa ajili ya usaili wa kazi. Dada aliyekuwa akinihudumia alikuwa anacheka na mwenzake, akakisahau chuma kichwani kwangu kidogo tu, na harufu ya nywele zinazoungua ikanijaa puani. Akashtuka. "Aa, Dada, pole! Imekuunguza?" Nikasema hapana, lakini machozi yalikuwa yameshatoka, naye akaanza kunipepea kwa kipande cha katoni na kuniomba radhi mpaka wateja wote wakageuka. Ningemwelezaje? Nywele na pembe, zikishikwa na moto, hutoa harufu moja. Na harufu hiyo, rafiki yangu, kwangu ni baraza ya jikoni ya Bibi, hapa hapa Kalemie, mwaka nilipokuwa darasa la sita.

Kazi ile sikuipata, kama unataka kujua. Lakini si hiyo ninayotaka kukusimulia.

Mama yangu alikuwa Lubumbashi akitafuta maisha, kwa hiyo nililelewa na Babu na Bibi kwenye nyumba ya matofali ya wafanyakazi wa reli, yenye mabati mekundu kwa kutu. Ukisimama kwenye jiwe la kufulia uliona kipande cha ziwa katikati ya nyumba mbili za jirani, na asubuhi sauti za wavuvi wanaorudi zilitufikia kabla ya chai. Babu alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya reli. Kazi ilipopungua alirudi nyumbani na mikono yake, akaanza kutengeneza visu kutokana na springi za magari mabovu. Lakini ubapa ni nusu ya kisu, na nusu ya pili, mpini, ilikuwa ya Bibi. Babu alikuwa na chuma. Bibi alikuwa na pembe.

Pembe zilitoka machinjioni. Ng'ombe wengi waliletwa na boti kutoka Moba, wakiwa wametembezwa kwa miguu kutoka milima ya Kirungu, na Bibi alidai kwamba pembe za ng'ombe wa kule kwenye baridi ni nzito kuliko za ng'ombe wa huku chini. Kama ni kweli, sijui. Nimetafuta kwenye simu mara tatu, sikuona jibu.

Zilifika kwenye gunia zikiwa bado na ngozi na nywele kwenye shina. Ndani ya kila pembe kuna mfupa, na mfupa huo lazima utoke. Bibi alizilaza kwenye nusu pipa la maji kwa siku kama kumi, mpaka kile kinachoshikilia mfupa kioze. Harufu ya siku ya tano sitakuelezea; nitakuambia tu kwamba hata mbwa wa jirani alipita upande mwingine. Kisha alizichemsha kwenye sufuria kubwa jeusi ambalo halikupikiwa chakula hata siku moja. Alitoa moja baada ya nyingine kwa koleo, akaifunga na kipande cha gunia, akaigonga kwenye jiwe, mara mbili au tatu, na mfupa ukachomoka kama mguu unavyotoka kwenye buti lililojaa tope. Kazi yangu ilikuwa kukwangua ndani kwa kijiti na kuzisuuza. Niliipenda kazi hiyo. Hilo nalo nataka ulijue, kwamba mwanzoni niliipenda.

Baada ya hapo ni kungoja. Bibi alipaka mawese pale pembe ilipokatwa, ili isipasuke, akazitundika chini ya paa la baraza ya jikoni, penye kivuli na upepo. Juani, kamwe. Zilipaswa kukaa pale viangazi viwili. Nikimuuliza kwa nini muda mrefu hivyo, alinijibu kama mtu aliyechoka na swali: "Ngombe alikunywa maji miaka yote ile. Unataka yatoke kwa juma moja?"

Hakusoma, kwa hiyo alitambua mafungu kwa vitambaa. Kila mwaka alichana kitenge kimoja kilichochakaa na kufungia pembe za mwaka huo. Wakati ninaousema yalikuwepo mafungu matatu: la kitambaa chenye michoro ya ndege, lililokuwa tayari, la kitambaa cha kijani, lililobakiza kiangazi kimoja, na la kitambaa chekundu, ambalo lilikuwa halijamaliza hata miezi minne.

Hata hivyo hakuamini vitambaa peke yake. Kabla ya kumpa Babu pembe yoyote aliiweka karibu na sikio lake la kushoto, akafumba macho, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Iliyokauka hulia ko, fupi na kavu. Iliyo na maji ndani husema bu. Mimi nilizigonga zote, nikasikia ko tupu. Babu, ambaye masikio yake yaliharibiwa na nyundo za karakana, hakusikia kitu. Ni Bibi peke yake aliyejua, na watu mtaani walikuwa na msemo wao wa kumtania: ukitaka kujua mchumba wako kama amekomaa, mpeleke kwa Bibi amgonge kichwa.

Babu alikata ncha ya pembe, ile sehemu isiyo na uwazi, akaupasha moto mkia wa kisu mpaka ukawa mwekundu, akausukuma ndani. Hapo ndipo moshi ulipotoka, moshi ule wa nywele, ukaingia kwenye nguo, kwenye mikeka, hata kwenye bukari, ugali wetu. Kisha Bibi alisugua mpini kwa majani ya msasa, kwa majivu, na mwisho kwa kitambaa chenye mawese, mpaka rangi ikatoka: ya asali, yenye mawingu meusi. Hapakuwa na mipini miwili iliyofanana. Wachinjaji, wavuvi na kina mama wa samaki walivijua visu hivyo kwa kugusa tu.

Nami nilivionea aibu.

Ilianza polepole. Darasani tulikaa watatu kwenye dawati moja, na siku moja aliyekaa kati akasogea akasema, "Nyie, huyu anakuja na ngombe yake." Basi. Kuanzia hapo nilipoingia darasani kulikuwa na mtu wa kulia kama ng'ombe huko nyuma, na wengine wakiuliza kwa sauti ya upole ya kinafiki, "Ngombe ya Kirungu, uliamka vizuri? Majani ulipata?" Mwalimu alipiga meza, lakini nilimwona akizuia kicheko. Nilianza kuoga mara mbili, asubuhi na mchana. Nilianika sare yangu kwenye kamba ya jirani. Nilikataa kukwangua pembe, nikisingizia masomo, na Bibi alifurahi: mjukuu wake anapenda kitabu.

Kulikuwa na msichana mmoja darasani ambaye hakunicheka. Baba yake alifanya kazi biro, yaani ofisini, na viatu vyake vilikuwa na kifungo pembeni. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ambayo kwetu huishia la sita, ulipokaribia akaniambia, "Jumapili nitakuja kwenu turudilie hesabu." Sikulala vizuri siku nne. Nilipanga maneno ya kumzuia, nikayapangua, nikapanga mengine, na mwisho sikusema lolote.

Jumapili hiyo Babu na Bibi walipokwenda misa, mimi nilisema tumbo linaniuma. Walipokata kona tu nikapanda kwenye kinu kilichogeuzwa, nikazishusha pembe zote. Mafungu hayakuingia kwenye gunia yakiwa yamefungwa, kwa hiyo nikafungua vitambaa. Sikufikiri. Mimi ninayefikiri kila kitu mara kumi, siku hiyo sikufikiri hata mara moja. Nikaziburuta mpaka nyuma ya choo, nikaosha baraza kwa sabuni, nikachoma majani ya mlimao.

Rafiki yangu akaja. Tukafanya hesabu za sehemu. Akala sahani mbili za bukari na mikebuka, samaki wa ziwa letu, akajilamba vidole, akasema, "Kwenu kunanukia samaki ya moshi. Kwetu Mama anakataza, ati inaingia mu rideau za madirisha." Akaenda zake. Hakuinua macho kuangalia paa hata kidogo.

Nikalirudisha gunia. Pembe thelathini na kitu zilikuwa zimelala sakafuni, vitambaa vitatu pembeni, na nikaona kwamba sijui ipi ni ya wapi. Zilifanana kama watoto wa shule mstarini. Nikazipima kwa mkono: nzito nikazifunga kwa chekundu, nyepesi kwa cha ndege, zilizobaki kwa kijani. Nilijua kwamba pembe kubwa ni nzito hata ikiwa kavu. Nilijua, nikaendelea kufunga.

Kama majuma mawili baadaye, mama jirani akaja kuagiza kisu. Huyu alikuwa mama wa samaki, mwenye majiko matatu ya kukaushia samaki kwa moshi nyuma ya nyumba yake, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Bibi akachukua pembe kwenye fungu la ndege, akaiweka sikioni, akafumba macho, akagonga. Mimi nilikuwa nimekaa pale, na daftari magotini.

Akafumbua macho. Akagonga tena. Akachukua nyingine, akagonga, akairudia ile ya kwanza.

"Mutoto," akasema, "nani alishika pembe zangu?"

"Hakuna mutu, Bibi."

"Hazikuanguka? Upepo?"

"Hapana."

"Unasema kweli?"

"Kweli, Bibi. Zilikuwa vile vile."

Aliniangalia, si kwa kunishuku. Aliniangalia kama mtu anayeomba msaada. Kisha akaigonga pembe kwa mara ya mwisho, akatingisha kichwa, akacheka kidogo. "Basi njo sikio yangu imezeeka," akasema, na akampelekea Babu.

Nimeisoma sheria miaka mitano. Nimeandika kurasa nyingi juu ya ushahidi wa uongo, na profesa mmoja aliwahi kunisifu mbele ya wenzangu. Lakini hakuna kitabu kilichonieleza kile nilichokiona siku ile: mtu akiliacha sikio lake lililomtumikia maisha yote, akachukua neno la mtoto, kwa sababu anampenda.

Kisu kilikuwa kizuri. Mama jirani alikizungusha juani, akasema, "Hiki nikikufa munizike nacho." Kiangazi kikakaza, upepo wa ziwa ukawa mkavu, na pembe iliyokuwa na maji ikaanza kujikunja kuuzunguka mkia wa chuma. Asubuhi moja, mama jirani akiwa anakandamiza kisu kwenye kichwa cha samaki mkubwa, mpini ukapasuka katikati na ubapa ukageuka ndani ya kiganja chake. Tulisikia yowe. Tulipofika, beseni lilikuwa limejaa maji mekundu, na yeye, kwa jinsi alivyokuwa, bado alitafuta utani: "Bibi, ulinipa kisu ama ulinitegea mutego?" Wenzake wakacheka, lakini kile kicheko kilikuwa kingine, na Bibi alikisikia.

Vidole viwili havikukunjika tena.

Kwa majuma mengi Bibi aliamka kabla ya jua, akaenda kumpasulia mama jirani samaki. Hakuombwa. Alikaa kwenye kigoda kile kile, akapasua mikebuka mmoja baada ya mwingine, huku kina mama wanaopita kwenda mwaloni kununua samaki wakimsalimia na kuangalia kisu mkononi mwake. "Bibi, hicho hakipasuki?" Mimi nilibeba beseni. Kila asubuhi nilisema moyoni, leo nitasema. Kila asubuhi nilitafuta sentensi ya kuanzia.

Babu hakumgombeza Bibi. Alimuuliza mara moja tu, wakila. "Mama, ile pembe uliigonga?"

"Niliigonga."

"Na ilisema nini?"

Bibi akavunja tonge, akaliacha kwenye sahani. Babu hakurudia swali. Siku ya pili yake Bibi alishusha pembe zote, za vitambaa vyote vitatu, akazitupa kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba. Nilizisikia zikianguka. Sufuria jeusi akampa mtu wa kupika sabuni. Kuanzia hapo Babu alitia mipini ya miti kwenye visu vyake, na watu walinunua, lakini hakuna aliyekizungusha kimoja juani.

Nilifaulu mtihani. Walinichinjia kuku.

Sasa utaniuliza kwa nini sikusema baadaye. Nimejiuliza kabla yako. Mwaka wa kwanza niliogopa fimbo. Mwaka wa pili niliogopa kuulizwa kwa nini sikusema mwaka wa kwanza. Nilipokwenda kuungama kabla ya Kipaimara nilimwambia padri, "Nilisema uongo," naye hakuuliza uongo gani, akanipa Salamu Maria tano, nikatoka nje nikiwa na aibu zaidi, maana nilijua nimemdanganya hata yeye kwa namna yangu. Kisha nikaenda chuo. Kisha mama jirani akahamia Moba kwa mwanawe, na habari zake zikakatika. Kisha Babu akafa, nikiwa katikati ya mitihani, na nilifika siku mbili baada ya maziko.

Siku ile ya saloni nilirudi nyumbani na nywele zangu zilizonyooka. Bibi alikuwa barazani anachambua maharagwe. Nilikaa chini, na kabla sijaitafuta sentensi ya kuanzia nikamwambia yote: dawati, rafiki wa viatu, gunia, vitambaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira juu ya kiganja cha mama jirani. Nilikuwa nimeandaa hata majibu.

Mikono yake ilisimama ndani ya ungo.

"Basi sikio yangu ilikuwa nzima," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Niliisikia. Ilisema bu." Akagonga ukingo wa ungo kwa kifundo cha kidole. "Niliisikia vizuri kabisa, mutoto. Nikajiambia, mwanamuke, umekwisha."

Nilianza kulia, naye hakunibembeleza. Aliangalia paa la baraza, ambako hakukuwa na kitu ila misumari. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia mvua, "Babu yako alikufa akijua ni mimi."

Nikaokota maharagwe yaliyoanguka, moja moja, nikayarudisha kwenye ungo.

Baadaye, akiwa ameshamaliza maharagwe, alinipa hukumu. "Utaenda kusema kwa shirika. Mimi watu walinicheka inje, hawakunichekea ndani ya nyumba. Utasema mbele ya watu." Nikakubali. Shirika letu, yaani majirani Wakatoliki wa mtaa, hukutana Jumatano alasiri kusali kwenye nyumba ya mmoja wao. Siku zote kabla ya hapo niliandika maneno yangu kwenye karatasi, nikayafuta, nikayaandika. Niliogopa macho ya wale kina mama wa njia ya mwaloni. Niliogopa kwamba mtu atasema, "Kumbe ni wewe!"

Jumatano ikafika. Bibi alivaa kitenge chake cha sikukuu. Baada ya somo mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno, nikasimama. Nilisema kwamba miaka kumi na mitatu iliyopita niliharibu pembe za Bibi yangu kwa aibu, nikamdanganya, mtu akaumia, na watu wakamcheka Bibi kwamba ujuzi wake umekwisha, kumbe haukuwa umekwisha. Nilisema kwamba ni mimi.

Nikainua macho, na hapo ndipo nilipowaangalia kwa mara ya kwanza. Watu kumi na wanne. Kulikuwa na mume na mke waliokimbia vita kutoka bara na kukaa kwanza Katanika kambini. Kulikuwa na mwalimu kijana mpangaji, na wasichana wawili waliokuja na wajomba zao. Nyumba za kina mama wa samaki zilikuwa na watu wengine. Mwenyekiti mwenyewe alifika mtaani mwaka juzi.

"Tunamushukuru mutoto wetu kwa ushuhuda," akasema.

Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, akamwinamia Bibi kwa heshima. "Samahani, Bibi. Pembe za nini?"

Bibi aliinua uso. Alikuwa akizipitia zile nyuso, moja baada ya nyingine, akitafuta mtu aliyewahi kumcheka.

"Za visu," akasema mwishowe. "Tulikuwa tunatengeneza visu."

"Aa. Wapi, Bibi?"

"Hapa."

Yule mama akaitikia kwa kichwa, kama tunavyowafanyia wazee, akamweka mwanawe sawa mgongoni. Wakaanzisha wimbo wa kufunga sala. Bibi aliimba, nami sikuweza. Nilikuwa nimeogopa miaka kumi na mitatu kusema mbele ya watu, na watu hao walikuwa wamekwenda zao wakiamini kwamba Bibi alizeeka mapema. Wako Moba, wako Kigoma, wako makaburini, na hakuna barua ya kuwaandikia wote.

Tulitembea kurudi polepole, yeye ameshika mkono wangu kwa ajili ya mawe ya njiani. Nilimuuliza kama amenisamehe. Akasema nisiongee, aangalie anapokanyaga.